Namba Nane

Somoe ana mtihani wa historia Jumatatu.
Anasoma kwa sauti kibandani kwangu, nyuma ya stendi ya Newala,
mimi nakata tairi la lori.
"Askari wa miguu wa Rumi," anasoma,
"alivaa makubazi ya ngozi, chini yana misumari."
Nikaweka kisu.
Rudia hapo, mjukuu wangu. Misumari mingapi?
Kitabu hakisemi.
Kitabu kinataja majemadari tu, kila mmoja na mwaka aliokufa.

Mimi katambuga moja naipiga misumari sita,
nakunja ncha isije ikamla mwenyewe.
Fundi wa Rumi naye alikunja?
Au alilipwa kwa jozi, mkono ukakimbia?

Soma.
"Walibeba ngano yao, sepetu, chungu, vigingi vya uzio,
na jioni, kabla ya kula, walichimba handaki."
Kabla ya kula!
Nikacheka hadi muuza mihogo akageuka.
Huyo mtu namjua, Somoe.
Namjua mgongo.
Namjua anavyomtukana mkubwa wake kimoyomoyo
kwa lugha ya mama yake,
huku mdomo unasema, "Ndiyo, afande."

Sisi tulitoka hapa kumi na mmoja, mwaka sabini na nane,
mgambo, wengine ziwa hatujaliona hata kwenye picha.
Toka Mutukula tulitembea.
Vijana wananiuliza, mzee, mlipanda gari gani?
Nawaambia, gari langu lilikuwa na vidole kumi.
Vilirudi tisa.

"Hema moja," anasoma, "lililala watu wanane,
na jiwe lao moja la kusagia."

Wanane. Hapo sikucheka.

Turubai letu lilikuwa la wanne,
na sufuria ilikuwa ya Nandonde wa Kitangari,
ambaye usiku aliota ming'oko,
tukamsikia anatafuna.
Nane ilikuwa namba ya buti zake.
Mimi navaa sita.
Mvua ya Masaka ilipozimaliza zangu,
yeye hakuwa tena na haja na zake.
Nikasokomeza nyasi mbele, nikakaza kamba,
nikaondoka.
Kila hatua ilipiga mara mbili:
mguu wangu kwanza,
halafu buti.

Mama yake alinitolea maji ya kunawa,
maji ya bondeni, yamepanda mlima kichwani mwake mwenyewe.
Akatazama chini, miguuni pangu, muda mrefu.
Hakuuliza.
Nikasema, "Zilikuwa kubwa."
Nchi nzima nimeikata, nikamletea maneno mawili.

"Babu," anasema Somoe, "mwalimu anataka sababu za kuanguka kwa dola."
Mpe. Mpe zote alizokufundisha.
Mimi sijui dola ilianguka vipi,
najua mtu anavyoanguka:
kwanza anaulizia maji,
kisha anaulizia sufuria iko kwa nani.

Mteja mmoja akaja, akabishana bei, akaenda.
Jua likashuka hadi kwenye mabati ya ghala la korosho.
Nikachukua kipande cha tairi kilichobaki,
nikakata namba nane.
Hakuna aliyeagiza.
Nikapiga misumari kwa chini, vichwa vikatokeza nje,
kama kilivyosema kitabu,
nikapiga na kuacha kuhesabu.
Nikaivaa jozi, nikafunga kibanda.

Mchanga wa Newala mwekundu, hausahau upesi.
Tunakwenda, inapiga mara mbili,
Somoe yuko nyuma, kimya, kitabu kwapani.
Nageuka: amechuchumaa njiani,
kidole kinapita juu ya unyayo.

"Kumi na saba," anasema, "mguu mmoja.
Niandike?"

Andika.
Mwalimu akikata, akate.